Nani Humdonoa Nani: Mwongozo Kamili wa Kuchunguza Ngazi ya Ubabe Katika Kundi la Kuku

Nimesoma ripoti nyingi za wanafunzi waliokwenda kukaa bandani kuchunguza tabia za kuku, na nyingi huanguka mahali pamoja. Daftari limejaa, siku kumi za jua kali zimepita, lakini ukimuuliza mwenye daftari, "Yule mwenye madoa yuko juu au chini ya yule mweupe?" anabaki kukutazama. Ameandika: "Kuku mweusi alikasirika akamfukuza mwenzake." Mwenzake yupi? Alimfukuza vipi? Na wale sita waliobaki walikuwa wakifanya nini dakika hiyo?

Wanafunzi hawa si wavivu. Jicho la mtu huvutwa na fujo. Penye kelele ndipo linapokwenda. Usipoliwekea sheria kabla hujakaa, litakuletea ugomvi wa kuku wawili wenye vurugu na kukuficha maisha ya kundi zima. Hatua zote zilizo hapa chini zinahusu sheria hiyo.

Tutajibu maswali mawili tu. La kwanza: katika kundi hili, nani yuko juu ya nani? La pili: je, aliye chini hula kwa muda mfupi kuliko aliye juu?

## Vifaa vya kuandaa

- Mitetea 8 wakubwa, wazima wa afya, walioishi pamoja angalau mwezi mmoja bila kuongezwa mgeni. Kuku wa kienyeji wanafaa kabisa.
- Pete za plastiki za miguuni za rangi nne: bluu, kijani, njano na nyeupe. Maduka ya pembejeo za mifugo huwa nazo.
- Sahani moja ndogo inayotosha kuku wawili au watatu kula kwa pamoja.
- Mahindi ya kuparaza, konzi mbili kwa siku.
- Daftari lenye jalada gumu, penseli mbili, na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde.
- Kigoda, na mahali pa kukaa penye kivuli.
- Vipande 8 vya karatasi vya kupigia kura.
- Mtu wa pili mwenye subira. Bila yeye hatua ya tano na ya sita hazifanyiki.

Kwa nini 8? Kundi la chini ya kuku 6 linaweza kuonyesha ngazi iliyonyooka kwa bahati tu, nawe ukadhani umegundua jambo. Wakizidi 12, jozi huwa nyingi mno kwa mtu mmoja. Kuku 8 hufanya jozi 28, idadi inayofikika.

Jogoo unaweza kumwacha bandani, ila usimwingize kwenye hesabu. Majogoo wana ngazi yao na mitetea wana yao. Ukizichanganya, jedwali halitakuambia kitu.

## Hatua ya 1: Wavishe pete usiku

Subiri kuku wapande kulala. Gizani kuku hutulia, na ukimshika taratibu hatahangaika. Tumia tochi hafifu.

Kila kuku avae pete mbili, moja kila mguu. Jina lake ni herufi mbili: ya kwanza mguu wa kushoto, ya pili wa kulia. Bluu ni B, kijani K, njano J na nyeupe N. Mwenye bluu kushoto na kijani kulia ni BK. Kushoto ni kwa kuku mwenyewe, si kwako unayemtazama akikujia usoni. Kosa hili dogo limeharibu data za watu wengi.

Usitumie majina ya kugeuzana. Ukiwa na BK, asiwepo KB. Rangi nne zinatoa majina 10 yasiyogeuzana, kwa hiyo huna sababu ya kujitesa.

Pete iwe na nafasi ya kupitisha ncha ya penseli kati yake na mguu. Ikibana, mguu utavimba. Ikilegea sana itanasa kwenye vijiti. Kagua kila baada ya siku tatu.

Onyo: usimpake kuku rangi kichwani wala shingoni. Kuku hutambuana zaidi kwa kichwa na upanga wake. Ukimbadilisha sura, wenzake wanaweza kumwona mgeni, na wahenga walishasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni: atadonolewa na hata wale aliowazidi jana, na hapo utakuwa unapima matokeo ya rangi yako. Nyekundu iepuke kabisa, hata kwenye pete, kwa sababu kuku huvutwa kudonoa kinachofanana na damu.

Umefaulu ukiwa unaweza kukaa hatua tano kutoka kwao na kumtaja kila mmoja kwa jina ndani ya sekunde mbili. Usisogee hatua ya pili kabla ya hapo.

## Hatua ya 2: Andika kamusi ya matendo

Hapa ndipo kazi yote inaposimama au kuanguka, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Kamusi ya matendo, wataalamu huiita ethogramu, ni orodha ya kila tendo utakaloandika, likiwa limeelezwa kwa yale yanayoonekana mwilini. Haielezi nia wala hisia. "Alikasirika", "alimdharau", "alimwonea wivu" ni maneno ya kawaida tunapozungumza nyumbani kuhusu kuku, na siwezi kukuapia kwamba kuku hana hisia. Lakini watu wawili wakimtazama kuku yuleyule, mmoja atasema amekasirika na mwingine atasema ana njaa. Wote wawili, hata hivyo, wataona kwamba mdomo umegusa kichwa cha mwenzake.

Kwa maswali yetu, matendo matano yanatosha:

Kudonoa (d): mdomo unashuka kwa haraka na kugusa kichwa, shingo au mgongo wa mwenzake. Kuokota punje iliyonasa kwenye manyoya ya mwenzake hakuhesabiwi.

Kutishia (t): kuku anainua kichwa juu ya kichwa cha mwenzake akimwelekea, au anarusha mdomo bila kugusa.

Kufukuza (f): anamkimbilia mwenzake kwa hatua tatu au zaidi, na mwenzake anakimbia.

Kupisha (p): kuku mmoja anakaribia, na ndani ya sekunde tatu mwingine anaondoka mahali alipokuwa, bila kuguswa wala kutishiwa.

Kula (k): kichwa kiko chini na mdomo unaokota kwenye chombo cha chakula au ardhini. Kuchakura kwa miguu bila kuokota si kula.

Kupisha ndilo tendo linalosahauliwa, na pengine ndilo lenye thamani kuliko yote. Hebu tazama kwa makini kwenye sahani. Mtetea mmoja anaokota mahindi. Mwingine anakuja polepole, shingo wima, hana haraka. Hajafika, bado hatua mbili. Yule wa kwanza anameza punje iliyo mdomoni, anashusha kichwa, anarudi nyuma kidogo, kisha anageuka kwenda ukutani kuchambua manyoya kana kwamba ndicho alichokuwa amepanga kufanya. Hakuna aliyegusa mtu. Mwanafunzi mmoja aliyekaa kando yangu aliandika "hakuna kilichotokea". Kilichotokea ni kwamba kuku wawili wamekumbushana nani mkubwa. Katika kundi lililozoeana, mambo mengi humalizwa hivyo, kimya kimya.

Umefaulu ukiwa umempa mtu asiyejua lolote kuhusu kuku kamusi yako, naye baada ya dakika kumi anataja matendo kama unavyoyataja wewe. Akikuuliza "na hili je?", tatizo liko kwenye kamusi. Irekebishe.

## Hatua ya 3: Chagua sheria ya kutazama

Mwaka 1974 Jeanne Altmann, mtafiti wa nyani katika nyanda za Amboseli, Kenya, alichapisha makala iliyobadilisha kazi hii duniani kote. Hoja yake ni nyepesi kueleweka: ukiandika chochote kinachokuvutia, utaandika zaidi wanyama wanaoonekana kwa urahisi na matukio yenye vishindo. Idadi utakayopata itaeleza macho yako kuliko inavyoeleza wanyama.

Sisi tutatumia sheria mbili, kila moja kwa swali lake.

Kunasa kila tukio. Hii ni ya swali la kwanza. Weka zile konzi mbili za mahindi kwenye sahani, kaa dakika 20, andika kila d, t, f na p inayotokea ndani ya hatua moja kutoka kwenye sahani. Nje ya eneo hilo usiandike, hata wakipigana. Sheria hii inafaa pale tu ambapo huwezi kupitwa na tukio. Ndiyo maana sahani ni ndogo na eneo ni dogo.

Kumfuata mmoja. Hii ni ya swali la pili. Unamtazama kuku mmoja kwa dakika 5 kamili, akila unaanzisha saa, akiacha unaisimamisha. Wengine hawapo kwako. Hata jogoo akiwika juu ya paa, macho yabaki kwa yule uliyempangia. Kisha unahamia kwa anayefuata, mpaka wote 8 waishe, yaani dakika 40.

Nani aanze? Kura. Changanya vile vipande 8 vya karatasi kila asubuhi na ufuate mpangilio uliotoka. Ukiachia macho yachague, yataanza na kuku mkubwa aliye karibu, na huyo utakuwa unamtazama daima wakati wa njaa ya asubuhi, huku mnyonge ukimtazama mwisho wote wakiwa wameshiba.

## Hatua ya 4: Wazoeze, kisha shika saa moja

Kaa na kuku siku tatu bila kuandika, mahali palepale, nguo za rangi ileile. Siku ya kwanza watakukwepa au watakuja miguuni wakidhani umeleta chakula. Zote mbili zinaharibu data. Ukiona wanachakura na kuoga vumbi mbele yako bila kukugeuzia kichwa, wamekuzoea.

Kusanya data saa zilezile kila siku. Kuku hula sana asubuhi na tena jioni kabla ya kulala, na kuoga vumbi huongezeka karibu na adhuhuri. Ukimpima mmoja asubuhi na mwingine saa sita, umepima saa.

Adhuhuri ina tatizo jingine. Kuku hana tezi za jasho, na joto la mwili wake ni karibu nyuzi 41 za Selsiasi. Jua likikaza hufungua mdomo na kuhema, mabawa akiyatenga na mwili, na shughuli nyingine zote hupungua. Ukiwaona hivyo, funga daftari na uhakikishe wana maji na kivuli.

Onyo: usiwanyime chakula ili wagombane zaidi. Wape chakula chao kama kawaida. Mahindi ya sahani ni nyongeza ya kitamu tu, na yanatosha kuleta ushindani. Njaa hubadilisha tabia yenyewe unayotaka kuipima, na tena ni ukatili. Vilevile damu ikitoka, simamisha kazi na umtenge aliyeumia mara moja, maana wenzake watalidonoa jeraha. Na kama umetoka kwenye banda la mtu mwingine, osha soli za viatu kabla ya kuingia. Ugonjwa wa mdondo husafiri kwa viatu pia.

## Hatua ya 5: Andika, siku kumi

Mstari mmoja kwa tukio moja: saa, mshindi, alama ya kubwa kuliko, aliyeshindwa, tendo.

`1:14 asubuhi BK > NN p`

Mshindi ni aliyedonoa, aliyetishia au aliyefukuza, na mwenzake akaondoka. Kwenye kupisha, mshindi ni aliyekaribia. Aliyedonolewa akirudisha, andika mistari miwili. Usipowatambua, andika `?` na uendelee. Alama ya kuuliza ni data ya kweli. Kubahatisha ni uongo hata kama hukuukusudia.

Ratiba ya siku ni saa moja: wewe dakika 20 za sahani, kisha mwenzako dakika 40 za kufuata mmoja mmoja. Katikati pumzikeni robo saa ili mahindi yaliyodondoka yaishe.

Nimegawa kazi hivyo kwa makusudi. Mwenzako asijue nani yuko juu na nani chini mpaka siku ya mwisho. Mjini Berlin kulikuwa na farasi aliyeitwa Hans, aliyeaminika kujua hesabu kwa sababu aligonga kwato idadi sahihi. Mwaka 1907 Oskar Pfungst alionyesha kwamba farasi huyo alikuwa akisoma miondoko midogo ya muulizaji, na asipomwona mtu anayejua jibu, hesabu humpotea. Wala waulizaji hawakuwa matapeli. Walijisaliti bila kujijua. Nawe ukijua kwamba NN ni wa chini, kidole chako kitachelewa kuwasha saa anapokula. Hutahisi.

Baada ya siku 10 kila kuku atakuwa amefuatwa kwa dakika 50. Kwa upande wa sahani, lenga kila jozi iwe imekutana angalau mara 5. Jozi zikibaki tupu, ongeza siku badala ya kuongeza njaa.

## Hatua ya 6: Jaribuni kama mnaona kitu kimoja

Fanyeni hili siku ya tatu, kabla makosa hayajawa mengi. Siku hiyo mwenzako akae nawe kwenye sahani, kila mtu na daftari lake, bila kusemezana, mpaka mpate matukio kama 60. Aandike tendo tu, bila kutaja nani alimtenda nani, ili asianze kuijua ngazi. Kisha linganisheni.

Asilimia ya kulingana haitoshi. Chukua mfano huu wa d na t peke yake. Wewe umeandika d 40 na t 20. Mwenzako d 38 na t 22. Mmelingana mara 54 kati ya 60, yaani 0.90. Inaonekana nzuri sana. Lakini hata watu wawili waliofumba macho, wakisema d mara nyingi kiasi hicho, wangelingana mara kwa mara. Kiasi hicho cha bahati ni:

(40 × 38 + 20 × 22) ÷ (60 × 60) = 1,960 ÷ 3,600 = 0.54

Ondoa bahati: (0.90 − 0.54) ÷ (1 − 0.54) = 0.78. Kipimo hiki huitwa kapa ya Cohen. Lenga 0.80 na zaidi. Kwa 0.78 ningerudi kwenye yale matukio 6 tuliyotofautiana, nione kama kuna neno kwenye kamusi linaloyumba. Mara nyingi ni lilelile: mdomo uligusa, au ulikaribia kugusa?

Mkibadilisha kamusi, data za siku tatu za kwanza hazitumiki tena. Inauma, lakini ni siku tatu.

## Hatua ya 7: Jenga jedwali

Chora jedwali la mistari 8 na safu 8. Majina yale yale kushoto na juu. Kushoto ni washindi, juu ni walioshindwa. Hesabu ya BK kumshinda NN inaingia pale mstari wa BK unapokutana na safu ya NN.

Sasa angalia kila jozi: aliyeshinda mara nyingi zaidi ndiye mkubwa katika jozi hiyo, anapata alama 1. Wakilingana au hawakukutana kamwe, kila mmoja anapata nusu. Jumlisha alama za kila kuku. Jumla ya wote lazima iwe 28. Isipokuwa 28, umekosea kuhesabu.

Panga upya majina kuanzia mwenye alama nyingi. Namba kubwa zitahamia nusu ya juu ya kulia ya jedwali, na chini ya mshazari, yaani mstari wa kutoka kona ya juu kushoto hadi ya chini kulia, patabaki karibu patupu. Mara ya kwanza kuliona hilo likijitokeza kwenye karatasi yako mwenyewe ni furaha ya pekee.

Usishtuke ukikuta pembetatu: BK anamshinda JJ, JJ anamshinda NN, na NN anamshinda BK. Thorleif Schjelderup-Ebbe wa Norwe, aliyeielezea ngazi ya kuku kisayansi miaka ya 1920, alizikuta pia. Usizifiche ili jedwali lipendeze.

## Hatua ya 8: Pima ngazi imenyooka kiasi gani

Tumia kipimo cha Landau, h. Kwa kuku 8 wastani wa alama ni 3.5. Kwa kila kuku, toa 3.5 kwenye alama zake, zidisha jibu kwa lenyewe, jumlisha ya wote, zidisha kwa 12, gawa kwa 504. Hiyo 504 ni 8 × 8 × 8 kutoa 8.

Mfano: alama ni 7, 6, 4, 4, 4, 2, 1, 0. Hao watatu wenye 4 ni pembetatu. Jumla ya miraba, yaani ya majibu yaliyozidishwa kwa yenyewe, ni 40. Kwa hiyo 40 × 12 ÷ 504 = 0.95.

Ngazi iliyonyooka kabisa hutoa 1. Isiyo na mkubwa wala mdogo hutoa 0. Watafiti wengi huita ngazi imara ikifika 0.9.

Ukipata chini ya 0.5, kabla ya kutangaza kwamba kuku wako hawana ngazi, hesabu jozi tupu. Nusu nusu nyingi huivuta h chini. Uliza pia kama kuna kuku aliyeongezwa, aliyeugua au anayeatamia.

## Hatua ya 9: Jibu swali la pili

Wapange kuku kwa nafasi mara mbili: kwa alama za ubabe, na kwa muda wa kula aliokusanya mwenzako. Waliolingana hugawana nafasi. Wale watatu wenye 4 wote wanapata nafasi ya 4. Kwa kila kuku, toa nafasi moja kwenye nyingine na uzidishe tofauti kwa yenyewe. Jumlisha, zidisha kwa 6, gawa kwa 504, kisha toa jibu hilo kwenye 1. Huo ni uwiano wa Spearman, kipimo cha jinsi mipangilio hiyo miwili inavyofanana. Waliolingana wakiwa wengi, tumia programu ya takwimu, kwani njia hii ya mkono hupotoka kidogo.

Kwa kuku 8, uwiano usiofika 0.74 usiuite ushahidi. Ukifika hapo, andika: "Katika kundi hili, waliokuwa juu walikula kwa muda mrefu zaidi." Usiandike kwamba ubabe *ndio uliosababisha*. Huenda wakubwa wana miili mikubwa inayohitaji chakula zaidi. Na muda wa kula si wingi wa chakula. Wa chini huweza kuokota kwa kasi zaidi.

Kama kazi hii imekupa hamu ya kwenda kwa tumbili au nyani wa porini, kibali huja kabla ya safari: Tanzania ni COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) pamoja na TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori), Kenya ni NACOSTI (tume ya sayansi, teknolojia na ubunifu) pamoja na mamlaka za wanyamapori. Kwa kuku wa nyumbani, ruhusa ya mwenye kuku na msimamizi wako ndiyo ya kuanzia.

Usiku wa siku ya mwisho, rudi bandani na tochi yako hafifu, kata pete zote 16 na uzihesabu mkononi kabla hujafunga mlango.